Mdomo wa Saksafoni: Jinsi ya Kuuchagua na Kuuchonga Upya



Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kuzungumza juu ya mikataba, likizo na ajali kazini. Somo la leo linahusu chombo cha muziki, lakini msomaji asidhani kwamba tumeihama kazi. Chombo chenyewe kilinunuliwa kwa michango ya wafanyakazi, kinapigwa na wafanyakazi baada ya zamu, na nusura kimtoe mwenzetu mmoja katika bendi kwa kosa lisilokuwa lake.

Tuanze na kisa hicho. Hapa Gitega tuna bendi ndogo yenye magitaa matatu, ngoma na saksafoni moja ya tena. Mpigaji wa saksafoni ni fundi wa mashine ya kukoboa kahawa. Alipiga vizuri miaka miwili, kisha mambo yakaharibika. Noti za chini zikawa hazitoki, na za juu zikawa zinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Wengine walisema hafanyi mazoezi, wengine wakasema ameanza kunywa. Wiki mbili kabla ya Mei Mosi kamati ilikaa kumjadili. Katika kikao hicho alikuwapo mzee mmoja wa karakana, asiyejua muziki hata noti moja. Yeye aliuliza swali lile lile analouliza mashine yoyote ikigoma: "Mmepima?"

Hakuna aliyekuwa amepima. Tulichukua kipande cha kioo cha dirisha, tukaweka mdomo wa saksafoni juu yake. Ukayumba kama meza yenye mguu mfupi. Kwa maana nyingine, hewa ya mwenzetu ilikuwa ikivuja kila alipopuliza, naye alikuwa akilaumiwa kwa uvivu. Sisi tuliofanya kazi viwandani tunalijua jambo hilo: mashine ikiharibika, wa kwanza kuandikiwa barua ni mtu aliyesimama karibu nayo.

Kwanza tukubaliane juu ya majina. Ule mdomo unaochomekwa kwenye shingo ya saksafoni, ambao mpigaji huutia kinywani, wapigaji wa Burundi huuita beki, kutokana na Kifaransa. Msomaji mpenda kandanda asichanganyikiwe. Beki huyu halindi goli. Chini ya beki hufungwa tete, kipande chembamba kilichochongwa kutoka katika mmea wa tete. Matete mengi mazuri hutoka kusini mwa Ufaransa. Siku hizi yako pia ya plastiki, ambayo hayaogopi jua la kiangazi. Upande wa beki ambako tete hulala huitwa hapa bapa. Mbele ya bapa kuna dirisha, na kando ya dirisha kuna reli mbili, ya kushoto na ya kulia, zinazokutana kwenye ukingo wa ncha. Reli hizo hazikunyooka. Zinaanza sawa na bapa, kisha zinapinda taratibu na kuliacha tete, hata kwenye ncha panabaki mwanya. Kupinda huko tutakuita mpindo, na mwanya wa kwenye ncha tutauita uwazi. Ndani, juu ya tete, kuna dari, na nyuma ya dari kuna chumba.

Mbelgiji Adolphe Sax, mzaliwa wa mji wa Dinant, alipata hataza ya chombo hiki mjini Paris mwaka 1846. Chombo kilienea kwanza katika bendi za kijeshi, kisha katika dansi. Katika Afrika yetu kilipata watu wake. Isaac Musekiwa alikipiga katika OK Jazz ya Kinshasa, na Verckys Kiamuangana akatoka katika bendi hiyo hiyo akaanzisha Orchestre Vévé. Kampala, Moses Matovu amekipiga na Afrigo, bendi iliyoanzishwa mwaka 1975. Lakini mfano unaotuhusu zaidi sisi wanachama ni wa majirani zetu wa Tanzania. Chama cha wafanyakazi NUTA kilianzishwa mwaka 1964, na mwaka huo huo kikawa na bendi yake, NUTA Jazz. Chama kilipobadilika bendi nayo ilibadilika jina, ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na mwisho ikajulikana kama Msondo Ngoma. Wazee wa Muyinga, ambako mpaka wa Kobero uko karibu, wanazikumbuka tarumbeta na saksafoni za bendi hiyo kutoka redioni. Kwa hiyo chama cha wafanyakazi kuwa na saksafoni si anasa iliyobuniwa jana.

Sasa kuchagua. Anayekwenda kununua beki, iwe Bujumbura, Kampala au ng'ambo ya Kobero, ataonyeshwa namba na herufi zilizochapwa ubavuni. Asinunue namba. Kila kampuni ina hesabu yake. Beki ya Yamaha 4C ya saksafoni ya alto ina uwazi wa milimita 1.6. Beki ya tena ya Otto Link iliyoandikwa 7* ina uwazi wa sehemu 105 za elfu za inchi, yaani karibu milimita 2.67. Ukimwambia muuzaji "nipe saba" bila kutaja kampuni, hujamwambia kitu. Mwambie milimita. Tena, hakikisha ni beki ya saksafoni yako, kwani ya alto haiingiliani na ya tena.

Kwa anayejifunza tena, uwazi wa kati ya milimita 1.8 na 2.1 unatosha sana. Kwa alto, kati ya 1.6 na 1.8. Mpigaji aliyekomaa katika bendi yenye magitaa ya umeme huenda akataka 2.4 hadi 2.8 kwenye tena, maana uwazi mkubwa hubeba pumzi nyingi na sauti kubwa. Lakini uwazi mkubwa hudai tete laini zaidi na midomo iliyozoea. Uwazi mdogo hukubali tete gumu. Matete huandikwa namba kuanzia karibu 1½ na kuendelea. Anayeanza achukue 2 au 2½. Tumeona vijana wakinunua beki pana kwa sababu mpigaji mashuhuri alikuwa na kama hiyo, kisha wakachoka kabla ya wimbo wa pili kwisha.

Juu ya sauti, angalia dari na chumba. Dari lililo juu sana, mbali na tete, pamoja na chumba kikubwa, hutoa sauti nene na tulivu. Dari lililoshuka karibu na tete hutoa sauti kali inayokata, ifaayo uwanjani penye upepo na watu wengi. Harusi zetu na sherehe za Mei Mosi hufanyika nje, kwa hiyo dari la kushuka kiasi linasaidia. Likishuka kupita kiasi, sauti hukonda.

Na je, chuma au eboniti? Eboniti ni mpira uliopikwa na salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Wengi huamini kwamba chuma ndicho chenye sauti kali. Sisi tunaona kwamba sauti hutokana zaidi na umbo la ndani na usawa wa reli kuliko kitu chenyewe, na kwa mtu anayetaka kujifunza kuchonga, eboniti ni rafiki. Hukubali msasa bila ubishi. Ikiwa imegeuka rangi ya kijani au kahawia, ujue imekaa juani au imeoshwa kwa maji ya moto. Si lazima iwe mbovu, ila ladha yake ni ya salfa na haipendezi.

Anayenunua beki iliyotumika achukue vitu vitatu: kipande cha kioo, tochi na tete lake mwenyewe. Aweke bapa juu ya kioo aone kama linayumba, na amulike kwa nyuma aone kama mwanga unapenya chini. Atazame ukingo wa ncha kwa makini, maana hapo ndipo pa kwanza kumeguka. Atazame shina kama lina ufa. Kisha aioshe, alowanishe tete, alifunge, azibe tundu la nyuma kwa kiganja, na avute hewa kwa kinywa. Beki na tete vikishikamana, hewa itakaa sekunde moja au mbili kabla tete halijaachia kwa mlio mdogo wa "pop". Hewa ikiingia mara moja, kuna mvujo. Jaribu tete jingine kabla ya kuilaumu beki. Juni hadi Agosti, Gitega kukiwa kukavu, tete hujikunja kama kiatu kilichoachwa juani, na beki nzima husingiziwa.

Tuje kwenye kupima, ambako ndiko kwenye moyo wa somo. Vifaa viko karakana. Fila, vile vibamba vyembamba vya chuma ambavyo makanika hupimia nafasi ya valvu, hupima beki pia. Seti ya kawaida huwa na vibamba vya milimita 0.05 hadi 1.00. Chukua kioo kisichopinda na ubandike juu yake rula ya plastiki inayopenyeza mwanga. Lala bapa la beki dhidi ya kioo upande wa chini, ncha ikiwa sawasawa na sifuri ya rula. Kisha ingiza kibamba kutoka kwenye ncha, kati ya kioo na reli, mpaka kisimame chenyewe. Usisukume. Tazama wima kupitia kioo, usome reli ya kushoto na ya kulia, uandike. Uwazi wa ncha wenyewe unapatikana kwa kupanga vibamba pamoja: 1.00 na 0.90 na 0.60 vikiingia kwa pamoja bila kubanwa wala kucheza, uwazi ni 2.50.

Mpindo mzuri ni sehemu ya duara. Hesabu yake si ngumu: mwanya hukua kwa mraba wa umbali. Ukienda nusu ya njia, mwanya huwa robo. Tuseme mpindo unaanza milimita 25 kutoka kwenye ncha, na uwazi ni 2.5. Katikati, yaani milimita 12.5, mwanya uwe karibu 0.62. Kwa beki kama hiyo kibamba cha 0.05 kitasimama karibu milimita 21.5 kutoka kwenye ncha, cha 0.25 kwenye 17, cha 0.60 kwenye 12.7, na vibamba vya jumla ya 1.25 kwenye 7.3. Vipimo vyako vikikaa karibu na hivyo, na kushoto kukilingana na kulia, beki itaitikia kwa pumzi ndogo. Kibamba kimoja kikienda mbali au kikikwama mapema kuliko wenzake, pale pana bonde au kilima, na tete litagonga vibaya kila linapofunga.

Jambo la kushika ni hili. Reli ambayo kibamba kimesimama karibu zaidi na ncha ndiyo iliyo juu. Ikiwa kibamba cha 0.25 kimefika 17 kushoto na 15 kulia, kilima kiko kulia. Ondoa kulia. Msasa haujui kurudisha, kwa hiyo siku zote hushushwa iliyo juu, wala hakuna njia ya kuinua iliyo chini.

Sasa tunachonga. Tandika msasa wa namba 400 juu ya kioo, uulowanishe maji. Bapa hutangulia. Chora mistari ya penseli juu ya bapa lote, weka beki, bonyeza katikati ya bapa, si kwenye ncha, uvute kuelekea kwako mara tatu. Tazama penseli. Palipofutika ndipo juu, palipobaki ndipo chini. Endelea mpaka mistari yote ifutike kwa pamoja, kisha hamia namba 600, na mwisho 1000. Kumbuka kwamba kila unaposawazisha bapa, ncha inasogea karibu na tete na uwazi unapungua. Beki yetu ya Gitega ilikuwa 2.1, baada ya bapa kunyooka ikawa 1.9. Ndiyo sababu mpindo huchongwa baada ya bapa, kamwe si kabla.

Kwa mpindo, shika beki kama mtu anayekausha wino kwa kile kikausho cha mviringo cha maofisini zamani. Vuta huku ukiiinamisha taratibu kutoka ncha kuelekea bapa, msasa ukiwa namba 600. Ukitaka kushusha reli moja, sogeza uzito wa kidole upande wake. Mivuto mitatu, futa, pima, andika. Mivuto mitatu tena. Tofauti ya unene wa unywele, sehemu saba hivi za mia za milimita, hapa ni kubwa. Kazi ya beki moja ilituchukua jioni nne, na zaidi ya nusu ya muda huo tulikuwa tunapima. Ukingo wa ncha uache uwe mwembamba, milimita moja au pungufu kidogo, na umbo lake lifuate umbo la ncha ya tete. Ukiwa mnene, punguza kwa ndani, upande wa dari, kwa tupa ndogo laini, huku ukichungulia baada ya kila mguso.

Mwenzetu wa Gitega alipopewa beki yake, jioni ya tano, noti ya chini kabisa ilitoka mara ya kwanza alipopuliza. Kamati haikuwa na la kujadili. Baadhi yetu tuliona haya, na inatupasa kusema hivyo.

Tungependa kuishia hapo, lakini Muyinga mambo yalikwenda vingine, na kosa lilikuwa letu sisi wenyewe. Baada ya Gitega tulijiona mafundi. Tukapanda gari kwa njia ya Karuzi, tukaenda kuwasaidia wenzetu wa huko, ambao wengi wao hufanya kazi kwenye vituo vya kuosha kahawa. Beki yao ilikuwa ya chuma, ya tena, uwazi 2.5. Ilikuwa imeangukia sakafu ya saruji na ncha ikaingia kovu upande mmoja. Mkutano ulikuwa saa kumi na tulifika saa nane. Badala ya kioo na msasa tukachukua tupa, tukasema kovu ni dogo, mara moja litaisha. Kovu liliisha kweli. Lakini ukingo wa ncha uliisha pamoja nalo upande ule, na tulipojaribu kusawazisha upande wa pili uwazi ukafika karibu 3. Hakuna mtu Muyinga aliyeweza kuipuliza zaidi ya wimbo mmoja. Michango ya miezi mingi ya watu wanaolipwa kwa msimu iliharibika kwa saa mbili, mikononi mwetu. Mafundi wa ngoma wa Gishora, karibu na Gitega, hawaukimbilii mti wa umuvugangoma kwa shoka wakiwa na haraka ya mkutano; nasi tulikuwa tumeliona hilo kwa macho yetu tangu utotoni.

Kilichofaa kufanywa ni hiki. Kovu la beki ya chuma hujazwa kwanza, kwa risasi ya kulehemu isiyo na madini ya risasi, kazi ya fundi mwenye mkono. La eboniti hujazwa kwa gundi ngumu ya tyubu mbili. Kisha ndipo msasa. Na kama kovu halifiki pale tete linapofunga, liachwe. Beki yenye kovu lisilovuja ni bora kuliko beki safi isiyopulizika.

Juu ya afya tusiseme mengi, ila yasipuuzwe. Vumbi la eboniti lina salfa, na shaba nyingi za beki huwa na kiasi cha madini ya risasi. Chonga kwa maji siku zote, funika pua kwa kitambaa, usile mezani pa kazi, osha mikono. Beki iliyochongwa iogeshwe kwa sabuni na maji ya baridi kabla haijaingia kinywani mwa mtu. Kadhalika bendi zenye saksafoni moja na wapigaji wawili: kila mtu awe na tete lake, na beki ioshwe kila inapobadilisha mikono. Magonjwa ya kuambukiza bado yapo, na hayaulizi nani ni mwanachama.

Wenzetu wa Muyinga walipata beki nyingine baada ya mavuno yaliyofuata, ya eboniti, uwazi 2.0, nasi tulichangia. Ile ya chuma hawakuitupa. Imetundikwa kwa uzi kwenye chumba chao cha mazoezi, na kila anayetaka kujifunza kuchonga huanza kwa kuipima mara kumi, reli zote mbili, na kuandika namba kwenye daftari, kabla hajaruhusiwa kugusa msasa.